Kuondoa rangi ya zamani kwenye vioo vya milango vyenye maua

Mwezi uliopita, kwenye kipindi cha asubuhi, tulizungumzia kukarabati nyumba kabla ya mvua. Simu zilipofunguliwa, mama mmoja aliyepiga kutoka Mufindi hakuuliza habari za bati wala mifereji. Aliuliza habari za kioo. Mlango wake wa mbele una vioo vinne vyenye maua maua, vile vinavyopitisha mwanga bila kumwonyesha mtu sura. Miaka mingi iliyopita vilipakwa rangi ya kijani, kwa sababu usiku taa ikiwaka kivuli cha mtu kilionekana kutoka nje na wezi walikuwa wakichungulia. Sasa mjukuu anawasha taa saa nane mchana ili asome, na Luku inakwisha. Kijana alishajaribu kukwangua kwa kisu. Kioo kimoja kimechorwa mikwaruzo, na unga wa kijani umeanguka mkekani, anapotambaa mdogo wake.

Hewani tulimjibu haraka: apake tina, afute kwa kitambaa. Kipindi kilipokwisha, fundi rangi mmoja msikilizaji wetu alitupigia na kutuuliza kwa nini hatukusema lolote kuhusu ule unga na yule mtoto. Alikuwa na haki. Makala haya ni jibu tulilopaswa kumpa mama yule, na pia ni matokeo ya kazi tuliyoifanya wenyewe kwenye mlango wa stoo ya ofisi yetu, ambako vioo viwili vilipona na kimoja tulikivunja.

Anza na mtoto, si na kioo

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Ni madini yaleyale yanayotengenezewa risasi za bunduki na yaliyomo ndani ya betri ya gari. Yaliwekwa kwenye rangi ili ing'ae, ikauke haraka na isichujuke kwa jua. Rangi kali kama njano, nyekundu, chungwa na kijani ndizo zilizojulikana zaidi kwa kuwa nayo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Leo Shirika la Afya Duniani na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yanapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi.

Rangi hiyo ikitulia ukutani haina fujo kubwa. Shida huanza inapobanduka au inapokwanguliwa ikiwa kavu. Unga wake hukaa sakafuni, mtoto hutambaa juu yake, kisha hutia vidole mdomoni. Vipande vyake vina utamu kidogo, kwa hiyo mtoto akionja kimoja anaweza kutafuta kingine. Ndani ya mwili risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza na mgumu wa kutulia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ya mlango wako ina risasi. Ushauri wetu ni kuichukulia kila rangi ya mafuta ya zamani kuwa inayo, hasa ikiwa imepakwa tabaka juu ya tabaka na huna kumbukumbu ya kopo lake. Kutokana na hilo zinakuja kanuni mbili ambazo hatutazilegeza popote katika makala haya: rangi isikwanguliwe wala kusuguliwa msasa ikiwa kavu, na isichomwe kwa moto. Msasa hutoa unga, moto hutoa moshi wenye risasi, na vyote viwili huingia mapafuni mwa anayefanya kazi kabla hata havijamfikia mtoto.

Kama unga umeshaanguka, kama kwa mama yetu wa Mufindi, usifagie. Ufagio huurusha hewani na kuusambaza. Futa sakafu kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kikunje upande safi kila baada ya kupitisha, kisha rudia kwa maji mengine. Mkeka upeleke nje, uoshwe kwa maji na sabuni mbali na uwanja wanapochezea watoto. Na mtoto aliyeonekana akila vipande vya rangi apelekwe kituo cha afya hata kama anacheza vizuri. Mweleze mhudumu kwamba ni rangi ya zamani, asije akadhani ni minyoo tu.

Kioo cha maua kimetengenezwaje

Kioo cha namna hii hutengenezwa kikiwa bado cha moto na laini, kwa kupitishwa kati ya magurudumu mawili mazito ya chuma. Gurudumu moja limechongwa maua, majani, mawimbi au vijitundu, na jingine ni laini. Ndiyo maana karibu kila kioo cha maua kina upande mmoja wenye mabonde na upande mmoja laini. Pitisha kidole taratibu, utausikia.

Ukikuta rangi iko upande laini, umepata nafuu. Lowesha kwa maji ya sabuni yenye uvuguvugu, subiri, kisha kwangua kwa wembe mpya uliobanwa kwenye mpini, umelazwa karibu na kioo na si kusimamishwa, huku ukiendelea kulowesha. Rangi hutoka kama ganda la kiazi. Nusu saa kwa kioo kimoja inatosha, na sehemu kubwa ya makala haya haikuhusu, isipokuwa habari ya mabaki huko chini.

Lakini mara nyingi rangi iko upande wenye mabonde, kwa kuwa mafundi wengi huweka upande huo ndani ya nyumba ili mvua na vumbi vikutane na upande laini. Hapo wembe hausaidii. Unapita juu ya vilima, unaviacha na mikwaruzo, na rangi inabaki imejificha mabondeni. Hilo ndilo kosa alilofanya kijana wa Mufindi, na ndilo tulilofanya sisi katika dakika kumi za kwanza. Kwa upande wa mabonde kazi hufanywa na kimiminika na muda. Mkono unakuja mwisho.

Jua ni rangi ya aina gani

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe spiriti ya kawaida ya dukani, usugue kwenye kona ya kioo kwa dakika moja. Kitambaa kikichukua rangi na kioo kikaanza kunata, hiyo ni rangi ya maji. Kisipochukua kitu, ni rangi ya mafuta. Vioo vya milango mingi ya zamani tuliyoiona vina rangi ya mafuta, kwa sababu fundi alimalizia kopo lilelile la kupakia mbao au fremu ya chuma.

Kuna hali ya tatu, ingawa ni nadra. Vioo vingine vilipakwa rangi kiwandani na kuchomwa kwenye tanuru mpaka rangi ikawa sehemu ya kioo. Hiyo haiitiki spiriti, tina wala ukucha, na imeenea sawasawa bila alama za brashi. Iache. Haitoki, na haibanduki ikamdhuru mtu. Vilevile kioo kilichofanywa kuwa na ukungu kwa kupuliziwa mchanga kina vijitundu vidogo vinavyofyonza rangi. Kinasafishika, lakini kivuli kidogo kinaweza kubaki.

Kabla ya kufungua kopo lolote, kagua kioo na puti inayokishika. Puti ya zamani hukauka na kupasuka, na kioo hubaki kinaning'inia. Kibonyeze kwa kidole kwenye kona. Kikicheza, puti ishughulikiwe kwanza. Kioo kilichovunjika katika stoo yetu hakikuvunjwa na dawa. Kilikuwa na ufa mdogo uliofichwa na rangi ileile tuliyokuwa tukiitoa, tukakiegemea kwa kiganja.

Laza mlango

Hili ndilo jambo moja lililobadilisha kazi yetu, na tunashangaa hatukulifikiria mapema. Mlango ukisimama, dawa yoyote utakayopaka inateremka chini, inakusanyika kwenye mbao na kuharibu rangi ambayo hukutaka kuigusa. Mlango ukilazwa, dawa hukaa kwenye mabonde, mahali inapohitajika.

Watu wawili wautoe mlango kwenye bawaba na kuulaza nje kivulini, juu ya mabenchi mawili au matofali, upande wenye rangi ukitazama juu. Chini ya kila kioo weka nguo iliyokunjwa au kipande cha godoro kikiguse kwa ulaini, ili kisibebe uzito kikiwa hewani. Juani hapafai, maana dawa itakauka kabla haijafanya kazi. Tandaza nailoni pana chini. Ile inayovishwa godoro jipya inafaa sana. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka fremu. Watoto na kuku wakae mbali. Kuku hudonoa vipande vya rangi, na risasi humfuata hadi kwenye yai.

Mlango wa mbele usiotoka, au wa nyumba ambayo haiwezi kukaa wazi mchana kutwa, ufanyiwe kazi ukiwa umesimama kwa vitambaa vilivyolowa na kubandikwa, si kwa dawa ya kumwagia. Utachukua muda zaidi, lakini utatoka.

Kulegeza rangi

Kwa rangi ya maji, maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha spiriti kwenye kitambaa, vinatosha. Bandika kitambaa kilicholowa, kifunike kwa nailoni kisikauke, subiri dakika ishirini hadi thelathini, kisha sugua.

Kwa rangi ya mafuta kuna njia ya polepole na njia ya haraka.

Ya polepole ni magadi, au soda ya kufulia. Magadi ni chumvi ya asili, ile inayochimbwa kwenye maziwa kama Natron na Magadi, ambayo wengi tunaijua kwa kulainishia maharage. Ina nguvu ya kubadilisha mafuta yaliyomo kwenye rangi kuwa kitu kama sabuni, na rangi ikipoteza mafuta yake hupoteza mshiko. Yayushe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yakatae kuyeyuka zaidi, lowesha vitambaa vya pamba, vilaze juu ya kioo, funika kwa nailoni, uache kuanzia asubuhi hadi mchana. Vaa glavu, maana yanakausha na kuchubua ngozi. Kwa tabaka nene utarudia mara mbili au tatu. Kwetu rangi ya juu ilitoka siku ya kwanza, ya chini siku ya pili. Ni kazi ya mtu mwenye subira, lakini gharama yake ni ndogo na haina mvuke wa kulevya, ndiyo maana kwa nyumba yenye watoto tungeanza nayo.

Ya haraka ni dawa ya kuondolea rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo mafundi huiita rimuva. Chagua iliyo nzito kama uji, ipake kwa brashi kwa wingi bila kuirudiarudia, ifunike kwa nailoni, na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi itajikunja na kuvimba kama ngozi iliyoungua. Hapo ndipo inapotolewa, si kabla.

Soma kopo kabla ya kulipa. Baadhi ya dawa hizi zina kemikali ambayo kwa maandishi ya Kizungu ni dichloromethane au methylene chloride. Inafanya kazi haraka sana, na imeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa kama bafu. Marekani ilizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kuondoa rangi mwaka 2019. Ukiyakuta maneno hayo kwenye kopo, tafuta kopo jingine. Kopo lisilo na maandishi yoyote, lile linalopimwa kutoka kwenye dumu, tungeliacha dukani.

Tina tuliyoitaja hewani inafaa kwa mwisho, kufuta ukungu wa rangi uliobaki. Kwa tabaka nene na kavu haifanyi mengi: inakauka haraka na mvuke wake unaumiza kichwa. Tena mvuke wa tina na wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili, na moto unarudi kwa njia ileile. Petroli isitumike kabisa, hata kidogo, hata nje.

Kuhusu kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, tulipata ujumbe mwingi. Ni kweli inatoa rangi ya mafuta. Ni kweli pia kwamba tone moja jichoni linaweza kupofusha, inageuza mbao kuwa nyeusi, inakula fremu ya alumini huku ikitoa gesi inayowaka, na ikiachwa siku kadhaa inafifisha kioo chenyewe. Anayeitumia kila siku kwa sabuni anajua kuwa soda ndiyo hutiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya soda. Kwa mtu mwingine yeyote, kioo cha mlango si mahali pa kujifunzia.

Dawa yoyote kati ya hizi ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha nenda kituo cha afya. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe haraka pamoja na kopo.

Kusugua

Rangi ikishavimba, ondoa iliyo juu kwa mwiko wa plastiki au kipande cha ubao laini, ukiikusanya kwenye kopo kuukuu. Kisha chukua mswaki wa zamani au brashi ngumu ya kufulia, usugue kwa kufuata mkondo wa maua, ukichovya kwenye maji ya sabuni kila mara. Kona za petali na mabonde membamba yanahitaji kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Mwanzi ni laini kuliko kioo, kwa hiyo hauchori. Panapokataa, usiongeze nguvu. Ongeza dawa na usubiri tena.

Jikoni tumezoea kusugua sufuria kwa mchanga na majivu. Hapa hapana. Mchanga ni mgumu kuliko kioo na utakiacha na ukungu usioondoka. Majivu huwa na chembechembe za mchanga ndani yake. Brashi ya waya wa chuma nayo inaacha mistari.

Maji ya kuchemka pia hayafai, na hili tunalisisitiza kwa sababu huku kwetu asubuhi ya Juni kioo huwa baridi kama kimetoka mtoni. Kioo hakisambazi joto vizuri: sehemu iliyomwagiwa inatanuka, jirani yake bado imebana. Tofauti ya nyuzi joto 40 hivi kati ya sehemu mbili za kioo cha kawaida inaweza kukipasua. Maji ya kuogea mtoto, basi.

Ukimaliza, suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu, futa kwa spiriti, uinue mlango dhidi ya mwanga. Mabonde yenye rangi yataonekana kama vivuli. Kwetu tulirudi mara tatu kwenye majani ya pembeni.

Mabaki yake

Vipande, maji machafu na vitambaa si takataka za kawaida. Usivichome, usivitie kwenye shimo la mbolea, wala usivimwage karibu na kisima, mfereji au bustani ya mchicha. Acha maji yatulie kwenye ndoo hadi tope lizame, chota tope na vipande, vikaushe kivulini mahali pasipofikiwa na mtoto wala mfugo, vifunge kwenye mfuko mzito na kuviweka kwenye kopo lenye mfuniko. Mjini kabidhi kwa wanaozoa taka na waambie kilichomo. Kijijini, muulize bwana afya wa kata kabla ya kufukia popote. Vitambaa vyenye tina vianikwe nje, vimetandazwa, mbali na moto, mpaka vikauke, visirundikwe stoo. Nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake, nawe uoge kabla ya kumbeba mtoto.

Na wezi je?

Mama wa Mufindi alikuwa na sababu ya kupaka rangi, na sababu hiyo haijaondoka kwa kuwa mjukuu anataka mwanga. Tulipompigia tena tulikubaliana asisafishe vioo vyote. Viwili vya juu vitatolewa rangi, kwa kuwa viko juu ya kichwa cha mtu mzima na ndivyo vinavyoleta mwanga mwingi zaidi mezani. Viwili vya chini vitabaki na pazia fupi ndani, na rangi yao, ikiwa bado imeshika vizuri, itaoshwa na kufunikwa kwa tabaka jipya la rangi isiyo na risasi ili isibanduke. Kile kilichochorwa kwa kisu ni cha chini, kwa bahati.

Kazi imepangwa Jumamosi hii. Mtoto atakwenda kwa shangazi yake hadi Jumapili jioni, na fundi aliyetupigia amejitolea kwenda kukagua puti kabla mlango haujatolewa kwenye bawaba.